Umekuta kuvu kwenye mwarobaini? Usikimbilie kuipa jina

Huku Tanga mtu akiona madoa kwenye jani la mwarobaini anasema spishi mpya, subiri kwanza. Mwarobaini wenyewe asili yake ni upande wa India, kwa hiyo kuvu zake nyingi huenda zilishapewa majina hukohuko, anzia kwenye rekodi zao. Mwenye hamu ya kitu kipya kweli apande Amani kwenye miti ya asili ya Usambara, ila ruhusa ya hifadhi aombe kabla hajakata hata tawi.

Majani weka kwenye bahasha ya kaki au gazeti, sio plastiki, kwa joto letu hili yakitoka jasho tu ukungu wa hovyo unavamia. Kausha na tawi lenye maua ili mti wenyewe utambulike, maana jina la kienyeji halitoshi, Mdigo anauita hivi Msambaa vile.

Kama unatafuta kuvu zinazoishi ndani ya jani, lisuuze, litumbukize kwenye spiriti ya 70% dakika moja, jiki iliyozimuliwa dakika 2 au 3, spiriti tena sekunde 30, malizia na maji yaliyotoka kwenye otoklevu, ile mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke. Sasa hapa ndo wengi wanaruka: yale maji ya mwisho chukua tone ulioteshe kwenye sahani yake peke yake. Kikiota kitu, basi jani halikusafika, na huwezi kuapa kwamba ulichootesha kwenye zile sahani nyingine kimetoka ndani.

Chakula cha kuoteshea kuvu kwenye sahani ni rahisi, kwa lita moja ya maji viazi gramu 200, glukosi 20, agari (unga wa kugandisha) 15 hadi 20, na antibayotiki kidogo ya kuzuia bakteria. Ikiota kata ncha ya uzi mmoja uihamishe, halafu hadubini, pima spora (vimbegu vya kuvu) 30 hivi, sio tatu.

Kwenye DNA wengi wanaanza na ITS, kipande cha kutambulisha kuvu, ndo ilipendekezwa rasmi mwaka 2012, ila kwa jenasi kama Fusarium, Colletotrichum na Diaporthe ITS peke yake inakuacha njiani, ongeza jeni nyingine kama TEF1 au beta-tubulini. Na ukiona GenBank, ile hifadhidata ya DNA, inakwambia inafanana 100% usishangilie, majina mengine mle yamekosewa na waliopandisha, linganisha na sampuli ya taipu, yaani ile jina lilipotolewa kwayo.

Bado ni mpya? Chukua namba ya usajili wa jina kwenye daftari za kuvu za mtandaoni, MycoBank au Index Fungorum, tangu 2013 bila hiyo jina halihesabiki, na holotaipu, sampuli moja inayobeba jina jipya, ikae herbaria (hifadhi ya sampuli kavu) ikiwa imekaushwa, maana kuvu inayoendelea kukua kwenye sahani haikubaliki.