Ukitaka kununua tapestri ya sufu, anza na mgongo

Watu wengi wakionyeshwa tapestri, yaani kitambaa kizito cha kutundika ukutani chenye picha iliyofumwa, ya msanii wa kisasa, tuseme Jean Lurçat au Le Corbusier, wanaangalia picha, wakiipenda wanalipa. Mi nakuomba kabla hujatoa hata senti shika kona uigeuze uone nyuma.

Ile ya kufumwa kwa mkono utaikuta picha nyuma pia, ila imepinduka kama kwenye kioo, na kuna vimkia vya nyuzi pale fundi alipobadili rangi. Kule Aubusson, Ufaransa, fundi anafuma upande wa nyuma ukiwa unamtazama yeye, mchoro wa msanii uko chini ya mtande (zile nyuzi zilizotandazwa kwenye mtambo), kwa hiyo ya mbele anaiona vizuri siku inakatwa kutoka kwenye mtambo, hebu fikiria miezi yote hiyo! Lurçat ili fundi asikisie alikuwa anaandika namba ya rangi kwenye kila kipande cha mchoro. Sasa ukikuta nyuma kuna michirizi ya rangi inakimbia upana mzima hiyo ni ya mashine, na kama rangi haijapenya kabisa basi imepigwa chapa tu, achana nayo.

Hapohapo nyuma tafuta kitambaa kidogo kimeshonewa, wanakiita bolduc, kinataja msanii, jina la kazi, karakana, vipimo na namba ya nakala, na vizuri kiwe na saini. Ufaransa mwisho ni nakala 8 ndo zihesabike kazi halisi ya msanii. Mbele kwa chini cheki saini ya msanii na alama ya karakana, zote zimefumwa humohumo.

Linganisha na rangi pia, nyuma haijapigwa na jua kwa hiyo ikiwa imekolea kuliko mbele ujue imefifia na hairudi tena.

Halafu mipasuko, na hapa usiwe na haraka. Rangi mbili zikikutana panabaki uwazi mwembamba unaoshonwa kwa mkono, na mara nyingi tapestri inafumwa kwa ubavu, yaani picha ikiwa imelala, ukiitundika uzito unavuta palepale, uzi ukioza panaachama. Ile ya msanii Graham Sutherland kwenye kanisa kuu la Coventry, Uingereza, iliyofumwa Felletin karibu na Aubusson, inazidi mita 20 kwenda juu, piga picha ule mzigo! Ya kwako ndogo pia inavuta.

Kwa hiyo usipige misumari wala vibanio. Shonea velkro (ule utepe wa kunatana wa vipande viwili) juu nyuma upana wote, nusu ya pili ibane kwenye ubao ukutani, mbali na dirisha na jiko.

Nondo ndo adui mkubwa, mabuu yake yanakula sufu na yanapenda gizani, kwa hiyo kila baada ya miezi kadhaa ishushe uvute vumbi pande zote, mashine ikiwa nguvu ya chini na wavu mdomoni. Usiifue. Ukiihifadhi izungushe kwenye bomba, usiikunje.