Kufunga reli kwenye mataruma ya chuma: kabari, bolti na klipu za springi

Taruma, yaani boriti inayolazwa kukingama njia ili reli zikae juu yake, likiwa la mbao linasamehe. Ukikosea tundu unaliziba kwa kijiti na kutoboa pembeni. Taruma la chuma halina huruma hiyo: matundu, mabega na mwinamo wa mahali reli inapokaa vilishaamuliwa kiwandani, na upana wa njia umeamuliwa pamoja navyo. Kwa hiyo kufunga si kazi ya nguvu. Ukiona mtu anapigapiga nyundo hadi anatweta, kuna kipande ambacho hakijakaa mahali pake, na nyundo inaficha kosa tu.

Umbo lenyewe kwanza. Taruma la chuma ni bamba lililokunjwa kama hori lililopinduliwa, na ncha zake mbili zimeinamishwa chini ili ziume kokoto. Kalio la reli, yaani mahali reli inapokaa juu ya taruma, huwa na mwinamo wa 1:20 au 1:40 kuelekea katikati ya njia. Vifungo vyake viko vya aina tatu:

- Kabari: masikio yamekunjwa kutoka kwenye bamba lenyewe, na kabari ya chuma inapigwa kati ya sikio na kitako cha reli, yaani sehemu pana ya chini ya reli.
- Bolti na kibano: bolti yenye kichwa cha umbo la T hupita kwenye tundu la mstatili, na kibano hukandamiza kitako.
- Klipu ya springi: taruma lina bega, ama limechomelewa kiwandani ama limenasa kwenye tundu kama ndoano, na klipu huingizwa ndani ya bega hilo. Maarufu kuliko zote ni ile yenye umbo la herufi e ya Pandrol, jina lililotokana na Mnorwe Per Pande-Rolfsen.

Hesabu ya vifaa

Mataruma yakipangwa kila milimita 650, kilomita moja inahitaji takriban mataruma 1,540. Kila taruma lina klipu 4 na pedi 2 (vipande vinavyokaa kati ya reli na taruma), yaani klipu 6,160 na pedi 3,080. Njia ikiwa na saketi ya ishara (umeme unaopita kwenye reli kuonyesha kama kuna treni) ongeza insuleta 4, vipande vya kuzuia umeme, kwa kila taruma. Agiza na ziada kidogo, maana klipu hurukia vichakani na haionekani tena.

Kabla ya kuagiza chochote pima upana wa kitako cha reli. Reli ya UIC 54 ina kitako cha milimita 140, UIC 60 ina 150, na ile ya zamani ya Uingereza ya ratili 80 kwa yadi (BS 80A) ina takriban 117.5. Taruma la reli moja halipokei reli nyingine.

Hatua ya 1: Kagua na usafishe

Geuza kila taruma uliangalie pande zote mbili. Nyufa huanzia kwenye pembe za matundu na kwenye mzizi wa sikio, mahali bamba lilipokunjwa. Tumia brashi ya waya kwanza, kwa sababu kutu hufunika ufa mwembamba vizuri sana. Taruma lenye ufa linatolewa, haliwekwi "kwa muda". Kwangua pia kalio la reli: punje moja ya kokoto chini ya pedi inatosha kuinua reli upande mmoja, na klipu itashika nusu.

Hatua ya 2: Panga na uweke mraba

Weka alama za chaki ubavuni mwa reli, kisha hamisha alama hizo hadi reli ya pili kwa kutumia mraba mkubwa. Taruma likikaa mshazari, upana wa njia hupungua. Kwenye njia ya milimita 1,000, upande mmoja ukitangulia kwa milimita 50 unapoteza kama milimita 1.25 tu. Hiyo si kubwa. Kubwa ni kwamba mabega yanasaga kitako na klipu inakaa kwa upande, na ukishapiga klipu zote nne taruma halisogei tena bila kufunguliwa.

Hatua ya 3: Pedi, halafu reli

Weka pedi katikati ya kalio, masikio yake yakiwa yamekumbatia mabega. Shusha reli polepole kwa mitaimbo au kwa mashine. Ukiidondosha, pedi inateleza nusu na hutaiona mpaka itakapoanza kuchungulia nje baada ya miezi.

Kama reli ni ndefu na zimechomelewa pamoja, usifunge mpaka halijoto ya reli yenyewe, siyo ya hewa, iwe ndani ya kiwango kilichopangwa kwa njia hiyo. Reli ya mita 100 isiyofungwa hurefuka takriban milimita 11.5 kwa kila nyuzi 10 za Selsiasi. Ukiifunga asubuhi yenye baridi, urefu huo hautakuwa na pa kwenda mchana, na njia inaweza kupinda kama nyoka.

Hatua ya 4: Funga reli ya kuongozea

Chagua reli moja iwe ya kunyooshea njia. Kwenye kona ni ile ya nje. Ifunge kila taruma la tano, nyoosha, kisha funga reli ya pili kwenye mataruma hayohayo huku ukipima upana. Upana hupimwa kati ya nyuso za ndani za vichwa vya reli, milimita 14 chini ya uso wa juu kwa viwango vingi vya Ulaya. Ukiwa sawa kwenye mataruma hayo, rudi ujaze yaliyobaki. Usikubali kikosi kianze mwanzo na kufunga kila kitu mfululizo: kosa la taruma la tatu utaligundua kwenye la hamsini.

Hatua ya 5: Kifungo chenyewe

*Kabari.* Ingiza kwa mkono hadi ikwame, kisha piga kwa mapigo mafupi. Mlio ndio mwalimu: kabari iliyokaza hulia kwa sauti ya juu na kavu, iliyolegea hulia kama debe. Kwenye njia zenye mwelekeo mmoja, piga kabari kufuata mwelekeo wa treni, kwa sababu reli hutambaa (husogea taratibu kwa urefu wake) kuelekea huko na msuguano wake unazidi kuikaza. Kwenye njia inayopitisha treni pande zote, pishanisha mielekeo ili mtambao wa upande mmoja usilegeze zote kwa pamoja. Ukipiga kupita kiasi, sikio linafunguka na kupasuka kwenye mzizi.

*Bolti.* Chovya kichwa cha T kwenye tundu kwa urefu, zungusha robo mzunguko, vuta juu uhakikishe kimenasa. Shida ni kwamba kichwa kiko chini ya taruma, hukioni. Kwa hiyo, kabla ya kuanza, kata alama ndogo kwa msumeno kwenye ncha ya kila bolti, sambamba na kichwa chake. Alama ikiwa imekingama tundu, kichwa kimekaa. Kaza bolti ya ndani na ya nje kwa zamu. Tumia spana ya kupimia nguvu kwa kiwango cha mtengenezaji, na washa ya springi ibaki na uhai kidogo: iliyolalishwa kabisa imekuwa washa ya kawaida.

*Klipu ya springi.* Mguu wa katikati unaingia kwenye tundu la bega, kidole kinapanda juu ya kitako (au juu ya insuleta). Umbo la klipu ya e ni la mkono mmoja, ndiyo maana klipu ya ndani na ya nje za reli moja huingizwa kutoka pande mbili tofauti za taruma. Sukuma kwa mtaimbo maalumu wa klipu au piga kwa nyundo sambamba na reli. Acha kupiga mguu wa katikati ukishajaza tundu, huku mkunjo wa nyuma ukiwa bado umeacha pengo dogo mbele ya bega. Mkunjo ukigonga bega, kidole kimepita sehemu yake na shinikizo limepotea. Klipu nzuri ya aina hii hukandamiza kitako kwa nguvu ya takriban kilo 850 hadi 1,100, kwa hiyo ikitoka vibaya ni risasi. Miwani ya kinga ni lazima, na asisimame mtu kwenye mstari wa klipu, mbele wala nyuma.

Hatua ya 6: Jaza tumbo la taruma

Hapa ndipo kazi nyingi nzuri huharibikia. Taruma la mbao linakalia kokoto. La chuma linatakiwa kujazwa kokoto ndani ya hori lake. Likibaki tupu, linaning'inia kwenye reli, treni ikipita linashuka, ikiondoka linavutwa juu, na klipu ndiyo inayobeba mzigo huo maelfu ya mara. Inua njia kwa jeki kidogo kidogo na shindilia kutoka pande zote mbili, chini ya reli kwanza, ukipunguza nguvu kuelekea katikati. Tumbo likiwa gumu katikati kuliko chini ya reli, taruma litapanda na kushuka kama pembea.

Hatua ya 7: Rudia

Baada ya treni chache za kwanza, pita tena: kaza bolti, gonga kabari, tazama pedi, pima upana. Mataruma ya chuma huzama zaidi mwanzoni mpaka kokoto za ndani zikae, kwa hiyo kulegea kidogo kwa mara ya kwanza si dalili ya kazi mbaya. Kulegea kwa mara ya tatu mahali palepale ni dalili.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, asante kwa somo. Kwetu klipu zinaanguka mataruma mawili ya kwenye maungio tu. Tumebadilisha klipu mara mbili, bado.

Jibu: Klipu hazina kosa. Kwenye ungio gurudumu linagonga mwisho wa reli, taruma linatikisika, klipu inatembea taratibu hadi inatoka. Shindilia mataruma yote mawili upya, kaza bolti za pleti za kuungia, angalia kama ncha za reli zimelala. Pia chungulia kama klipu inagusa pleti: kama inagusa, unahitaji klipu fupi ya kwenye maungio, siyo ya kawaida iliyolazimishwa.

Swali: Njia ya kabari, upana umezidi milimita 8 kwenye kona. Naweza kupiga kabari za nje zaidi niirudishe?

Jibu: Kabari ya nje husukuma reli ndani, ya ndani huisukuma nje. Legeza ya ndani kwanza, ndipo upige ya nje; ukipiga ya nje huku ya ndani imekaza unapasua sikio bure. Lakini milimita 8 ni nyingi kwa kabari pekee. Pima upana wa kitako kwenye reli hiyo na uangalie masikio: kimojawapo kimelika. Sikio lililolika huweza kupewa kipande chembamba cha bamba kati yake na kabari, kwa muda, wakati taruma la kubadilisha linatafutwa.

Swali: Sikio limevunjika. Fundi wa kuchomelea yupo, alichomelee palepale?

Jibu: Hapana. Joto la kuchomelea bila utaratibu linaacha chuma kigumu na chepesi kupasuka pembeni mwa mshono, na ufa unarudi hapohapo. Hatari kubwa zaidi ni elektrodi kugusa reli: alama ndogo ya moto kwenye reli ni mwanzo wa ufa. Kamwe usitumie reli kuwa njia ya waya wa kurudisha umeme wa mashine. Mabega huchomelewa karakana, chini ya usimamizi.

Swali: Mvua ikinyesha ishara inaonyesha kuna treni wakati njia ni tupu. Mataruma ni ya chuma.

Jibu: Umeme wa saketi unavuka kutoka reli moja hadi nyingine kupitia taruma. Insuleta moja iliyopasuka kwa kila reli, kwenye taruma lilelile, inatosha. Kagua insuleta za pembeni na pedi zilizotoboka, halafu ondoa kokoto chafu na matope yanayogusa kitako cha reli. Ukiona vumbi la breki limeganda kati ya klipu na bega, lisafishe. Lina chuma ndani yake.

Mchangiaji: Niongeze: insuleta za unene tofauti hutumika pia kurekebisha upana. Ukibadilisha moja, angalia kwanza ile iliyotoka ilikuwa unene gani. Mtu akiweka ya kawaida mahali pa ile nene, saketi inapona na upana unaharibika.

Jibu: Sahihi kabisa.

Swali: Klipu zilizotumika zinaweza kurudishwa? Na zipakwe grisi?

Jibu: Zinaweza, kama hazina kutu ya mashimo wala alama za kupigwa, na kama bado zinahitaji nguvu ya chombo kuingia. Klipu inayoingia kwa kiganja imekufa, itupe kwenye chuma chakavu siku hiyohiyo, isije ikarudi kwenye ndoo ya nzima. Grisi inapakwa mguu wa katikati na ndani ya tundu la bega, ili kutu isiigandishe humo. Isifike kwenye pedi wala chini ya kitako. Hapo tunataka msuguano, ndio unaozuia reli kutambaa.

Swali: Mchana wa jua kali naweza kufungua mataruma mangapi mfululizo nibadilishe pedi?

Jibu: Kwenye reli ndefu zilizochomelewa, mchana wa jua kali usifungue hata moja. Subiri halijoto ya reli irudi ndani ya kiwango, njia iwe imefungwa rasmi na mlinzi yupo, kisha fuata idadi iliyoandikwa kwenye kanuni za njia yenu, ukiacha mataruma yaliyofungwa katikati ya yale unayofungua.