Baada ya Idi: la kufanya unapojilaumu kwa ulichokula

Idi mosi ulikula mahamri asubuhi, pilau mchana, kaimati jioni. Leo kichwa kinakuambia ufidie: usile, au ukimbie mpaka uchoke. Kwa anayepona ugonjwa wa ulaji (kama kujinyima chakula, au kula kwa pupa kisha kujitapisha), hatari iko kwenye kufidia, si kwenye pilau. Ukiruka mlo, njaa hulimbikizana mpaka jioni, unakula kwa pupa, kisha lawama zinaanza upya.

Kwa hiyo kunywa chai leo, hata kama huna njaa: chai ya maziwa, chapati, yai. Halafu rudi kwenye milo 3 na vitafunio 2 au 3, kila baada ya saa 3 hadi 4. Kama mtaalamu wako amekupangia vingine, fuata vyake.

Mizani mpe mtu aifiche. Chumvi ya pilau hushikilia maji mwilini, na kila gramu ya wanga inayowekwa akiba huambatana na takriban gramu 3 za maji. Namba ya leo haikuambii lolote kuhusu mafuta. Tumbo kujaa nako kusikutishe. Tumbo lililozoea kunyimwa hupitisha chakula polepole. Dawa za kuharisha ziache kabisa: chakula kingi huwa kimeshafyonzwa kwenye utumbo mwembamba, zinachotoa ni maji na potasiamu, na moyo unaihitaji potasiamu hiyo.

Hamu ya kutapika hupanda, kisha hushuka, mara nyingi ndani ya nusu saa. Muda huo kaa sebuleni na wenzako, mbali na choo.

Kuna jambo wengi hawalisemi: sita ya Shawwal, yaani kufunga siku sita katika mwezi unaofuata Ramadhani. Ni sunna, si faradhi, na mgonjwa ameruhusiwa kula hata Ramadhani yenyewe. Jiulize kwa ukweli, ungefunga kama kufunga kusingepunguza chakula? Ongea na daktari kwanza. Nyumbani wakiuliza, "Daktari amenizuia kwa sasa" inatosha, huna haja ya kueleza zaidi.

Bibi akisema "Mashaallah, umenenepa!", kwake ni sifa. Mjibu, "Alhamdulillahi niko salama, bibi. Miguu yako inaendeleaje?" Mazungumzo yatahama. Anayerudia rudia, mwombe mama au dada azungumze naye pembeni.

Ukizimia, moyo ukienda mbio au kuruka mapigo, ukitapika damu, au ukiwaza kujiua, nenda hospitali saa hiyo hiyo, na usiende peke yako.