Jinsi ya kuwafuata Wakurdi mtandaoni ukiwa Kondele

Mwaka 1999 nilikuwa kidato cha pili, Nakuru. Siku moja mwishoni mwa Februari mama alinituma nyama nusu kilo, na mwenye bucha akaifunga kwa gazeti kama kawaida. Nilipoifungua jikoni nikakuta picha ya mwanamume mwenye masharubu mazito, amesimama kati ya bendera mbili za Uturuki, damu ya ng'ombe imemlowesha bega. Alikuwa Abdullah Öcalan, kiongozi wa PKK, chama cha Wakurdi kilichokuwa kikipigana na serikali ya Uturuki. Alikuwa amefichwa Nairobi kwenye makazi ya balozi wa Ugiriki, akanaswa tarehe 15 Februari alipotolewa kupelekwa uwanja wa ndege. Nilimuuliza baba, hawa Wakurdi ni watu wa wapi? Baba alikuwa dereva wa matatu za Nakuru na Nairobi, mtu asiyekosa jibu la jambo lolote. Akasema, "Ni kabila la kule kwa Saddam."

Leo nina saiba ndogo hapa Kondele, Kisumu. Kompyuta sita, printa moja yenye hasira, na wateja wa KRA (kodi) na HELB (mikopo ya wanafunzi). Kukiwa hakuna foleni, nasoma habari za Wakurdi. Nimefanya hivyo tangu 2014, vita vya Kobanî, mji wa Wakurdi wa Syria, viliponikumbusha lile gazeti la nyama. Vijana wa chuo wanaokuja kuchapisha kazi zao huniona na kuniuliza, "Mama Saiba, hizo herufi ni za nani?" Nimechoka kueleza mmoja mmoja, kwa hiyo naandika hapa.

Jibu la baba lilikuwa robo ya ukweli, na hapo ndipo pa kuanzia. Wakurdi, ambao hukadiriwa kuwa kati ya milioni 30 na 40, wamegawanyika katika nchi nne: Uturuki, Iraki, Irani na Syria. Mkataba wa Sèvres wa 1920 uliwafungulia mlango wa kujitawala, na ule wa Lausanne wa 1923 ukaufunga bila hata kuwataja. Mtu wa magharibi mwa Kenya haoni ajabu mpaka kupita katikati ya ukoo. Waulize Wateso wa Busia. Kwa hiyo kabla hujamfuata mtu yeyote, chukua daftari, gawanya ukurasa safu nne, na juu yake andika majina wanayotumia wenyewe: Bakur, kaskazini, ndiyo Uturuki, Başûr, kusini, ni Iraki, Rojhilat, mashariki, ni Irani, Rojava, magharibi, ni Syria. *Roj* ni jua, na pia ni siku. Mashariki yao ni jua linapochomoza na magharibi yao ni jua linapozama, vilevile sisi Wajaluo tunavyosema *wuok chieng'* na *podho chieng'*. Nilipogundua hilo sikusahau tena upande wowote.

Kila sauti utakayoipata, iweke kwenye safu yake. Ukishindwa kujua safu, usiifuate kwanza. Mara nyingi majina ya miji yatakusaidia. Mji ambao serikali ya Uturuki inauita Diyarbakır, Mkurdi anauita Amed. Erbil ni Hewlêr, Sanandaj ni Sine, na Kobanî kwenye ramani rasmi ya Syria imekuwa Ayn al-Arab. Anayeandika Amed amekuonyesha alipokaa hata kabla hajasema neno la pili.

Sasa herufi. Hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo wengi wanapokata tamaa. Hakuna Kikurdi kimoja. Kurmanji, cha Uturuki na Syria, huandikwa kwa herufi za Kilatini kama hizi zetu. Alfabeti hiyo yenye herufi 31 ilienezwa na Celadet Alî Bedirxan katika jarida la Hawar, toleo la kwanza likitoka Damascus tarehe 15 Mei 1932, na mpaka leo siku hiyo ndiyo siku ya lugha ya Kikurdi. Sorani, cha Iraki na Irani, huandikwa kwa herufi za Kiarabu zilizoongezwa alama. Kipo pia Kizazaki, na vingine.

Utajuaje kuwa maandishi ni ya Sorani, si Kiarabu wala Kiajemi? Tafuta alama ndogo inayofanana na herufi v, kama kofia iliyopinduliwa, juu au chini ya herufi: ێ, ۆ, ڵ, ڕ. Ukiiona, mara nyingi hiyo ni Sorani. Mimi nilijifunza kwa kukuza skrini hadi neno moja lijae kioo chote, nikitafuta kofia kama mtu anayetafuta chawa.

Kisha kuna mtego ulionitesa wiki nzima. Nilikuwa natafuta neno Kurdistan kwa kibodi ya Kiarabu ya simu yangu, napata matokeo machache ya ajabu. Kumbe kaf ya Kiarabu (ك) na kaf ya Kikurdi (ک) ni herufi mbili tofauti kwa kompyuta, ingawa kwa jicho zinafanana. Ye nayo ni hivyo hivyo. Andika کوردستان kwa kibodi ya Kikurdi ya Sorani, ambayo unaweza kuiongeza kwenye mipangilio ya simu bila malipo, na utaona mlango ukifunguka. Usipotaka kuhangaika na kibodi, nakili neno kutoka kwenye ukurasa wa Kikurdi wenyewe ulibandike kwenye kisanduku cha kutafutia.

Kwa upande wa Kurmanji, usiache q, w na x. Uturuki ilibadili alfabeti yake mwaka 1928 bila kuziingiza herufi hizo tatu, na kwa miaka mingi Mkurdi aliyeandika Newroz (mwaka mpya wao) kwa w kwenye tangazo au hati aliweza kujikuta matatani. Mpango wa kuziruhusu ulitangazwa 2013. Ndiyo maana utaona watu wengine wanazipenda hizo herufi kuliko inavyohitajika.

Tafsiri ya Google ina Kurmanji tangu 2016 na Sorani tangu 2022. Itumie, lakini kumbuka ile *roj*: siku moja mashine ilinitafsiria kuwa watu walikutana "jua la Ijumaa". Pia jifunze maneno mawili matatu mwenyewe, kwani mengine unayo tayari. *Xeber* ni habari, *kitêb* kitabu, *qelem* kalamu, *sabûn* sabuni, *dikan* duka, *pembû* pamba, *çay* chai. Kiarabu na Kiajemi vilipita kwao na vikapita pwani yetu. Neno la kutafutia habari ni *nûçe* kwa Kurmanji.

Ukifika kwenye sauti zenyewe, usichague moja. Hewlêr kuna Rudaw na Kurdistan 24, zote zina Kiingereza kizuri na picha safi, na zote ziko karibu na KDP, chama cha ukoo wa Barzani. Silêmanî (Sulaymaniyah), pia Iraki, ni nyumbani kwa PUK, chama cha ukoo wa Talabani, na NRT, ambayo si ya PUK, nayo inatoka huko. ANF iko karibu na PKK. Kwa Syria nasoma North Press. Bianet ya Istanbul huandika habari za haki za binadamu kwa Kituruki, Kikurdi na Kiingereza, na kwangu ndiyo inayonipa usingizi mzuri. Kwa Irani kuna Hengaw, shirika la haki za binadamu lililoko Norway. JinNews ni shirika la habari la wanawake, waandishi wake ni wanawake.

Hilo la vyama lisikukatishe tamaa. Mkenya anajua tangu utotoni kuuliza redio ni ya nani. Jipime kwa habari moja tu, ya mishahara. Watumishi wa umma wa Kurdistan ya Iraki wamekuwa wakicheleweshewa mishahara mara kwa mara tangu 2014, kwa ugomvi wa mafuta na bajeti kati ya Hewlêr na Baghdad. Soma habari ya siku hiyo hiyo kwenye vituo vitatu. Kimoja kitailaumu Baghdad aya ya kwanza hadi ya mwisho. Kingine kitauliza pesa za mafuta zilienda wapi hapo Hewlêr. Mwalimu mstaafu wa Ahero, mteja wangu, nilimsomea zote tatu akicheka. "Binti yangu," akaniambia, "hata mshahara wetu ulikuwa na mabwana wawili, na kila mmoja alisema uko kwa mwenzake."

Kutoka kwenye vituo, nenda kwa watu. Angalia jina la mwandishi chini ya kichwa cha habari, mtafute kwenye X au Telegram, kisha tazama anajibizana na nani. Hao anaojibizana nao kwa heshima ndio wa kuongeza kwenye orodha. Mimi huweka orodha ya siri yenye watu wasiozidi ishirini na kila mwisho wa mwezi nawapunguza. Anayetukana kila siku anatoka. Anayeandika kwamba Wakurdi hawana rafiki ila milima, kila makala, naye anatoka. Mara nyingi huyo ni mgeni aliyekaa hotelini siku tatu. Anayebaki ni mtu kama Behrouz Boochani wa Ilam, aliyezuiliwa na Australia kisiwani Manus na akaandika kitabu kizima kwa ujumbe wa WhatsApp. Anayeandika hivyo hapotezi maneno.

Mara ya kwanza nilipoona *Jin, Jiyan, Azadî* nilidhani ni habari za majini. *Jin* ni mwanamke, *jiyan* ni maisha, *azadî* ni uhuru. Msemo huo ulienea duniani baada ya kifo cha msichana wa Saqqez, mji wa Wakurdi wa Irani, tarehe 16 Septemba 2022, mikononi mwa polisi wa maadili wa Tehran. Hati za serikali zilimwita Mahsa. Kwao aliitwa Jina. Soma hilo kwa Kiswahili. Tangu siku hiyo, kila habari yake huwa naangalia mwandishi amechagua lipi.

Oktoba 2019 Uturuki ilipoingia kaskazini mwa Syria, nilisambaza video ya milipuko ya usiku kwenye kundi la chama chetu, nikaandika kwa herufi kubwa. Mpwa wangu akanijibu hapo hapo mbele ya akina mama wote: ni maonyesho ya bunduki Kentucky, Marekani. Hata kituo kikubwa cha televisheni cha huko kilikuwa kimeingia mtego huo huo, lakini hilo halikunipunguzia aibu kwenye kikao cha Jumapili. Sasa sisambazi kitu kabla ya kukisimamisha. Nasimamisha video, napiga picha ya skrini, naitafuta kwa Google Lens. Halafu natazama mabango ya maduka: ni Kilatini, ni Kiarabu, kofia ziko? Natazama ardhi. Kobanî ni tambarare. Amed ina kuta nyeusi za mawe ya volkano. Hewlêr ina ngome ya duara juu ya kilima katikati ya mji. Dakika tano zinatosha.

Kuhusu saa huna haja ya hesabu. Diyarbakır, Erbil na Qamişlo ya Syria zote zinakwenda sawa na Kisumu mwaka mzima. Irani iko mbele nusu saa. Kwa hiyo wanapokunywa chai ya jioni na kuanza kuandika, na wewe unafunga duka. Wakinyamaza ghafla, usidhani wamelala. Irani hukata intaneti maandamano yakianza, ilifanya hivyo 2019 na 2022. Iraki nayo hukata asubuhi za mitihani ya kitaifa kuzuia wizi wa mitihani, KCSE, mtihani wetu wa kidato cha nne, isisikie. Na watu wa Irani na Uturuki wanaweza kufungwa kwa chapisho moja, kwa hiyo usiwaulize wanaishi mtaa gani, na usisambaze picha ya skrini yenye jina la mtu wa kawaida.

Kama unataka wiki nzuri ya kuanza, anza ya Machi. Tarehe 16 wanawakumbuka watu wapatao 5,000 waliouawa kwa gesi ya Saddam mjini Halabja mwaka 1988. Siku hiyo soma tu, usitoe maoni. Jioni ya tarehe 20, kuelekea Newroz, fungua video ya moja kwa moja kutoka mji wa Akre, Kurdistan ya Iraki. Watu hupanda mlima na mienge hadi mlima wote unakuwa njia ya moto. Inakula bando, lakini nunua.

Jambo la mwisho ni la Wakenya pekee. Ukiandika chochote na jina la nchi yako likaonekana, wao wana kumbukumbu. Mwaka 1999 waliandamana hadi kwenye balozi zetu Ulaya. Mei 2025 PKK ilitangaza kujivunja kufuatia wito wa Öcalan huyo huyo, akiwa bado mfungwa wa kisiwa cha İmralı, na mazungumzo yakaongezeka. Newroz moja niliandika chini ya video ya Akre, "*Newroz pîroz be*, kutoka Kisumu," yaani heri ya Newroz. Mtu wa Amed akauliza Kisumu iko wapi. Nikasema Kenya. Akakaa kimya kama dakika kumi, kisha akaandika: "Kenya. 1999."

Sikujua la kujibu, nikamweleza yote, mama, bucha, gazeti, damu begani. Nikaona anaandika, anafuta, anaandika tena. Akauliza nyama ilikuwa ya mbuzi au ya ng'ombe.