Kabla ya kuuliza sabufa ina wati ngapi

Wateja wangu wengi huingia na swali moja: "Fundi, hii sabufa ina wati ngapi?" Nami huwauliza: ukitazama filamu, unaongeza sauti watu wakiongea, halafu unakimbilia rimoti bomu likilipuka? Basi sabufa haina kosa. Shida iko kwenye spika ya kati.

Ile 5.1 iliyoandikwa kwenye boksi la seti ya spika za sinema ya nyumbani maana yake ni spika tano na sabufa moja. Mbili za mbele hubeba muziki na gari linalopita kushoto kwenda kulia. Za nyuma ni za mvua, umati, helikopta. Ya kati hubeba karibu mazungumzo yote, kwa hiyo mahali pake ni chini ya TV, uso wake ukielekea masikio yako. Nyumba moja ya Tabata, Dar es Salaam, niliikuta juu ya kabati la vyombo, nyuma ya maua ya plastiki. Mama mwenye nyumba alikuwa ameshakubali kwamba masikio yake yamezeeka.

Sabufa ni ya besi tu, ile sauti nzito ya chini. Usiibane kwenye kona, itavuma kama mashine ya kusaga. Fanya hivi: iweke pale unapokaa, piga wimbo wenye besi, kisha zunguka chumba ukiwa umechuchumaa. Besi inaposikika safi, hapo ndipo pa kuiweka. Watoto watakucheka, waache. Na wati? Namba kubwa ya PMPO, yaani nguvu ya kufumba na kufumbua, ni ya kupamba boksi. Tafuta iliyoandikwa RMS, yaani nguvu inayotoka mfululizo.

Ubongo wa yote ni risiva, ndiyo inayogawa sauti. Iunganishe na TV kwa waya wa HDMI, kwenye tundu lililoandikwa ARC pande zote mbili, ndilo linalorudisha sauti ya TV kwenye risiva. Zile waya nyekundu na nyeupe hubeba njia mbili tu za sauti, ya kushoto na ya kulia. Hata ARC itakupa mbili kama TV imewekwa PCM, yaani TV inaichambua sauti yenyewe badala ya kuiachia risiva. Ingia kwenye mipangilio ya sauti, chagua Bitstream au Auto. Kwenye spika, nyekundu iende kwa nyekundu na nyeusi kwa nyeusi. Ukigeuza moja, besi hupungua na utadhani umeuziwa feki.

Ila filamu zetu za kutafsiriwa, sauti ya mtafsiri ikiwa imebandikwa juu, mara nyingi ni za njia mbili. Hapo spika za nyuma zikinyamaza, usinipigie simu.