Kabla hujaandika zabuni (somo)

Kila wiki naombwa sampuli ya andiko la zabuni. Sampuli haimsaidii ambaye hajajiandaa, kwa hiyo nabandika hili, na atakayeuliza tena nitamwelekeza huku.

1. Soma nyaraka zote, viambatisho vikiwemo.

2. Amua: unaomba au unaacha? Wakitaka mauzo ya mwaka ambayo hujawahi kuyafikia, acha, au tafuta mbia mapema.

3. Chora jedwali: kila sharti, kithibitisho chake, nani anakileta, lini.

4. Dhamana ya zabuni, yaani hati ya benki inayomhakikishia mnunuzi kwamba hutaikimbia zabuni yako. Hapa ndipo watu wenye bei nzuri wanapoanguka. Zabuni nyingi zinazofuata mfano wa Benki ya Dunia hutaka dhamana iishi siku 28 zaidi ya muda wa uhalali wa zabuni (siku ambazo zabuni yako inakufunga). Mwisho wa kuwasilisha ukiwa 1 Machi na uhalali ni siku 90, zabuni inafika 30 Mei, na dhamana lazima ifike 27 Juni. Ukienda benki ukasema "miezi mitatu", utapewa miezi mitatu, na umeshatoka. Wapelekee fomu iliyomo kwenye nyaraka za zabuni, wasitumie ya kwao. Jina la mzabuni lilingane na la usajili herufi kwa herufi. Kama ni ubia, soma dhamana itajwe kwa jina la nani. Na nenda mapema. Benki haina haraka yako.

5. Penye utata, omba ufafanuzi kwa maandishi kabla muda wa maswali haujafungwa.

6. Kusanya bei za wasambazaji. Sasa andika.

MASWALI

Mgeni77: Mkuu, sampuli ipo?
— Soma mstari wa kwanza.

Fundi_Bomba: Dhamana ikipungua siku mbili tu, si watanielewa?
— Hawatakuelewa. Kamati inayotathmini zabuni inapima kilichoandikwa, haipimi nia yako.

Bi_Hesabu: Nikikosea kuzidisha kwenye jedwali la bei, natolewa?
— Swali zuri, dada. Mara nyingi wanasahihisha: bei ya kimoja (ya kipande au kipimo kimoja) ndiyo inayosimama, jumla inarekebishwa. Maneno na tarakimu zikipingana, kwa kawaida maneno hushinda. Ukikataa sahihisho, zabuni inatupwa na dhamana inaweza kwenda nayo. Kwa hiyo bei ya kimoja ihakikiwe na mtu wa pili.

Karani: Nyongeza: marekebisho ya nyaraka yakitolewa, kiri kwamba umeyapokea. Mara nyingine yanasogeza tarehe ya mwisho.
— Na tarehe ikisogea, rudi hatua ya 4 upige hesabu upya.