Kabla ya Kupanda Taita Wakati wa Kipupwe: Mambo ya Kuzingatia

Mkazi wa Mombasa akiambiwa kwamba Wundanyi, mji ulio katika milima ya Taita, kuna baridi, hukumbuka usiku wa Julai alipolazimika kuzima feni na kujifunika shuka, akadhani ameshaelewa. Nami nilidhani vivyo hivyo, hadi asubuhi yangu ya kwanza huko juu, rafiki yangu alipokiinua kichupa changu cha mafuta ya nazi, akakigeuza juu chini, kisha akaniuliza kwa sauti ya huruma, "Yakhe, haya mafuta yako yamekuwaje?" Yalikuwa meupe pe, yameganda kama mshumaa. Mafuta ya nazi huanza kuganda joto linaposhuka chini ya nyuzi 24 hivi, na kwa kuwa nyumbani tunayaona yakiwa maji karibu mwaka mzima, wengi wetu hatujui hata kwamba yanaganda. Mara ya pili nilijiandaa kwa namna nyingine, na haya ndiyo ninayomshauri yeyote anayepanga wikendi ya watu wawili katika milima ya Taita kati ya Juni na Agosti.

Kwanza, ieleweke baridi hiyo inatoka wapi. Kwa kawaida kila mita 1,000 unazopanda hukupunguzia takriban nyuzi 6 za joto. Mji wa Wundanyi uko kwenye kimo cha zaidi ya mita 1,300 na kilele cha Vuria kinafika takriban mita 2,200, kwa hiyo tofauti na Mombasa ni kubwa hata kabla jua halijatua. Lakini kinachomtesa mtu wa pwani zaidi ni unyevu. Upepo wa kusi, ule ule unaochafua bahari yetu msimu huo, huingia bara ukiwa umebeba maji, na unapokutana na milima hii iliyosimama peke yake katikati ya nyika hulazimika kupanda, ukapoa, ukageuka ukungu na manyunyu yanayoweza kudumu asubuhi nzima. Nguo uliyoifua Ijumaa huenda ukairudisha Mombasa Jumapili ingali mbichi.

Kwa sababu hiyo, mavazi yachaguliwe kwa kufikiria maji kwanza. Suruali ya jinzi na fulana ya pamba, ambazo ndizo tunazokimbilia, zikilowa huwa nzito, hazikauki upesi, na humnyang'anya mtu joto la mwili. Afadhali nguo nyepesi mbili tatu zilizovaliwa moja juu ya nyingine, sweta la sufu katikati, na koti lisilopenya maji juu yake, kuliko jaketi moja nene ambalo utalivua ukitoka jasho na kulivaa tena limelowa. Hakuna haja ya kutumia fedha nyingi, kwani soko la mitumba la Kongowea lina makoti na masweta yaliyoshonwa kwa nchi za theluji, na kwa kuwa watu wa Mombasa hawayagombanii, bei yake huzungumzika. Jaribu zipu kabla ya kulipa. Ongeza kofia ya kufunika masikio, jozi tatu za soksi, moja kati yake iwe ya kulalia tu, na viatu vyenye meno, maana udongo wa njia za huko ukilowa huteleza kama sabuni. Leso nayo usiiache: hufunga shingo, hufuta mvua, na usiku huviringishwa kwenye chupa ya maji moto iliyofungwa barabara na kuwekwa miguuni.

Malazi yaulizwe kwa simu, tena kwa maswali ya wazi: kuna mablanketi mangapi kwa kila kitanda, maji ya kuoga yanapashwa kwa umeme au kwa kuni, na je, madirisha yanafungika? Mwenye kuswali alfajiri aulize pia kama ataweza kupata birika la maji ya moto kwa ajili ya udhu, jambo ambalo wenyeji hulielewa mara moja ukilisema mapema.

Hapa pana suala moja ambalo siliandiki kwa mzaha hata kidogo. Baridi ikizidi, mtu hushawishika kuingiza jiko la makaa chumbani, hasa mtu wa kwetu aliyezoea chetezo cha udi sebuleni. Nyumba zetu za pwani zimejengwa kupitisha upepo, ilhali chumba cha mlimani hufungwa kila upenyo ili kuzuia baridi. Makaa yanayoungua penye hewa haba hutoa gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushika damu mahali pa oksijeni, na makaa mekundu yasiyotoa moshi, ambayo huonekana salama, nayo huitoa. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi mzito, na aliyelala huenda asizihisi kabisa. Jiko likae nje, na mkiota moto, oteni nje.

Afya ya kila mmoja izungumzwe kabla ya safari, hata kama ni rafiki wa tangu chuoni. Ugonjwa wa selimundu (sickle cell), ambao hapa pwani unazijua nyumba nyingi, maumivu yake huamshwa na baridi na upungufu wa maji mwilini, kwa hiyo mwenye nao amwone daktari wake kwanza na asikubali kushawishiwa kwa maneno ya "ni siku mbili tu." Mwenye pumu abebe dawa yake ya kuvuta mfukoni, si ndani ya begi lililobaki chumbani. Na rafiki yako akianza kutetemeka akiwa na homa, usimrundikie mablanketi ukaridhika: malaria aliyoambukizwa Mombasa wiki moja au mbili kabla inaweza kujitokeza huko juu, na kipimo tu ndicho kitakachoitofautisha na baridi.

Safari yenyewe haina ugumu. Treni ya Madaraka, iliyoanza mwaka 2017, hukufikisha Voi kutoka Miritini, mradi uchague ile inayosimama vituo vya kati, ukate tiketi mapema na ubebe kitambulisho. Kutoka Voi kuna matatu za kupitia Mwatate. Mwenye gari lake apange kumaliza kona za kupanda Wundanyi kabla ya saa kumi na mbili jioni, kwa sababu giza na ukungu vikikutana, taa kali hurudisha mwangaza machoni mwa dereva mwenyewe. Beba tochi, pesa taslimu kidogo, na chupa ya chai ya tangawizi. Mahamri yatakwisha kabla ya Maungu, hilo halina mjadala.

Yabaki makubaliano baina yenu wawili. Amueni mapema kwamba anayechoka ndiye anayepanga mwendo, na kwamba ukungu ukifunga njia mnarudi bila kulaumiana. Katika msitu wa Ngangao tafuteni mwenyeji wa kuwaongoza, na maji ya kunywa yatieni kwenye chupa ya bati, kwani tangu Juni 2020 plastiki za kutumiwa mara moja zimepigwa marufuku katika misitu iliyohifadhiwa. Mkionyeshwa mapango ambamo Wataita wa kale waliweka mafuvu ya wazee wao, msiguse kitu, na picha zisipigwe bila idhini.

Mafuta ya nazi, kama huwezi kuyaacha, yahamishie kwenye kopo lenye mdomo mpana, uyachote kwa kidole.